Kuhusu ile baiskeli ya kaboni: majibu yetu



Tangu Agosti 2025 maswali ni yale yale. Sokoni, kwenye bomba la maji, hata kwenye foleni ya kliniki, watu wanatuuliza: ile baiskeli nyembamba inayopita asubuhi kuelekea barabara ya Mbarara, kweli ni yenu? Pesa mlitoa wapi? Na kwa nini kaboni, si chuma kama za watu wote? Wengine hawaulizi, wanasema tu kwamba kuna mzungu ametupa. Hakuna mzungu aliyetupa. Leo tunajibu yote kwa mpigo mmoja, na tunaandika kwa urefu juu tunajua kuna vikundi vingine, huku na nchi jirani, vinawaza jambo kama hili.

Sisi ni vijana wanaotengeneza baiskeli Base Camp, chini ya mti, karibu na wauza mahindi. Wengi wetu tumetoka Kivu. Kwetu baiskeli inaitwa kinga, na kabla ya kujua kinga tulijua chukudu. Aliyekulia Goma hahitaji kuelezwa: mbao ngumu, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na mtu anashuka nayo kutoka mlimani na magunia ya viazi. Mji umeijengea hadi sanamu. Tunaitaja chukudu kwa sababu yenyewe ndiyo ilitufundisha jambo ambalo tutalirudia sana hapa: chombo kinaishi kama vipande vyake vinapatikana karibu.

Sasa, kwa nini baiskeli ya mbio? Kuna mdogo wetu wa kike, ana miaka 19, anabeba nyanya kutoka Rubondo kwa baiskeli nyeusi ya chuma, zile kubwa zenye uzito wa karibu kilo 20. Tulikuwa tunamwona akipanda vilima na kreti mbili nyuma bila kushuka. Mwaka 2024 alisikia kuna mashindano madogo nje ya makazi, kilomita 40, akaenda na baiskeli ile ile, kreti akaziacha nyumbani. Hakushinda. Lakini hakuwa wa mwisho, na nyuma yake kulikuwa na watu wenye baiskeli za gia. Kocha mmoja wa klabu alimwambia kwa upole: wewe una miguu, ila kwa baiskeli hii siwezi kukuweka kwenye mazoezi yetu, wenzako watakuacha kila kwenye mteremko. Akarudi, akatuambia maneno hayo bila kulia. Tulikuwa tisa siku hiyo. Tukaanza kuweka akiba.

Kila mtu shilingi 3,000 kwa wiki. Inaonekana ndogo, lakini mnajua maisha ya hapa. Mgao ulipunguzwa, halafu familia nyingi zikaondolewa kabisa kwenye orodha. Mama mmoja, jirani yetu, alikuja pale chini ya mti akatuuliza mbele za watu: "Batoto yangu, hiyo kinga ya mbio italeta unga?" Hatukumjibu kwa haraka, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki. Mwenzetu mmoja naye alisema pesa hizo zingenunua baiskeli za chuma za kubebea abiria, zingeingiza pesa kila siku. Tulibishana juma zima. Baada ya wiki 20 yeye alitoka, tukamrudishia 60,000 zake zote, tukabaki marafiki. Tulibaki nane.

Jibu tulilompa mama baadaye ni hili: haitaleta unga, mama. Lakini hata sisi hatuli unga peke yake. Huyu mtoto ameambiwa kitu kimoja tu kinamzuia, na kitu hicho kinanunulika. Vitu vingi vinavyotuzuia hapa havinunuliki kwa pesa yoyote. Hiki kimoja kinanunulika, tukinunue. Mama alicheka, akasema basi na akipita na kinga yake asimwangushie kuku.

Tulifika kwenye kaboni kwa hesabu, si kwa maringo. Mwanzoni tulitafuta fremu ya alumini. Kisha tukagundua jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2018 UCI, shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, liliruhusu rasmi breki za diski kwenye mbio za barabarani. Tangu hapo kampuni kubwa zimehamia huko, na wanamichezo wenye pesa wanauza fremu zao za zamani zenye breki za kubana rimu. Fremu hizo hazijaharibika, zimepitwa na mtindo tu. Ndiyo maana fremu ya kaboni ambayo zamani ilikuwa ya bei ya pikipiki, leo unaweza kuipata kwa bei ya mbuzi kadhaa. Sisi tuliipata Kampala kwa mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa anahamia diski. Fremu na foki yake: shilingi 550,000.

Kwetu breki za rimu ni faida. Breki ya diski ya mafuta inataka mafuta yake maalumu na vifaa vya kutoa hewa. Breki ya rimu inataka kebo na raba mbili, na kebo ya breki unaipata hata Juru.

Hapo ndipo tulipoweka kanuni yetu. Fremu ya kaboni ikipasuka, kuna mafundi maalumu duniani wanaoitengeneza, lakini hapa hatuna. Basi fremu iwe kitu kimoja pekee ambacho hatuwezi kukitengeneza. Kila kipande kingine kiwe kile ambacho Nakivale au Mbarara inaweza kukilisha. Kanuni hiyo ilikata maneno mengi. Seti ya gia tulichagua Shimano Claris ya gia nane nyuma, si kwa sababu ni nzuri kuliko zote, bali kwa sababu mnyororo wa gia nane unafanana na wa baiskeli za kawaida za milimani zenye gia saba, na huo unauzwa madukani. Ya gia kumi na moja ingekuwa nyepesi zaidi, na mnyororo ukikatika tungeagiza Kampala na kusubiri. Rimu tulichukua za alumini zenye njiti 32, kwa sababu vumbi letu likiingia kati ya raba na rimu ni kama msasa.

Tulikagua pia sehemu ya katikati, pale ekseli ya pedali inapopita. Fremu nyingi za kaboni hapo hazina nyuzi za kukaza, bering zinasukumwa kwa mashine ndani ya tundu. Tuliziacha hizo. Yetu ina nyuzi, ule mpango wa zamani uitwao BSA. Upande wa mnyororo unakaza kinyume, kama pedali ya kushoto inavyokaza kinyume, kwa hiyo hata mafundi wetu wadogo waliielewa mara moja.

Kuhusu kukagua fremu yenyewe, tunaomba msome polepole. Kaboni ni nyuzi nyembamba sana zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ngumu. Ukiivuta kwa mwelekeo wa nyuzi ina nguvu kuliko chuma cha uzito huo huo. Ukiigonga na jiwe kwa ubavu, au ukiibana kwa nguvu mahali pamoja, inaweza kupasuka ndani huku nje rangi inang'aa. Chuma kikizidiwa mara nyingi kinakupa ishara, kinapinda. Kaboni inaweza kunyamaza hadi siku ya kuachia. Kwa hiyo wenzetu wawili waliokwenda Kampala walifanya hivi: waliifuta fremu yote kwa kitambaa chenye maji, wakapitisha tochi kwa ubavu kutafuta mistari, hasa karibu na kichwa cha usukani, chini kwenye ekseli, na kwenye bomba mbili za nyuma zinazoshika gurudumu. Kisha wakagonga kwa sarafu, sentimita kwa sentimita. Mahali pazima panatoa mlio mkavu, wa juu. Mlio ukibadilika ghafla na kuwa mzito kama wa kadibodi, weka pesa mfukoni urudi nyumbani. Sarafu haigundui kila kitu, ila ndiyo iliyokuwa mikononi mwetu. Mwisho walipima bomba la foki linaloingia kwenye usukani. Likishakatwa fupi halirefuki, na mdogo wetu si mrefu. Lilitosha.

Magurudumu nayo yana somo lake. Baiskeli nyeusi za hapa nyingi zina rimu ambayo tairi yake inakaa kwenye kipenyo cha milimita 635. Baiskeli ya mbio ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, kwa macho huioni, lakini tairi ya moja haikai kwenye nyingine hata ukiilazimisha vipi. Ndiyo maana tairi ni kitu pekee, ukiacha fremu, ambacho tunakitoa Kampala, na tunaweka za akiba zimetundikwa juu, mbali na jua. Fremu yetu ina nafasi ya tairi za milimita 28, na tumetumia nafasi hiyo yote. Wakimbiaji wa zamani walipenda tairi nyembamba za 23. Hao hawakuanza mazoezi kwa kilomita kadhaa za murramu.

Sasa kuunganisha. Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi tatu, na watoto wa jirani walikaa kama wako sinema.

Tatizo kubwa lilikuwa spana ya kupima nguvu. Kwenye kaboni hukazi kwa kusikia mkono. Bolti ya nguzo ya kiti na bolti za shingo ya usukani zimeandikwa pembeni nguvu yake, kwetu ilikuwa Nm 5. Ukipitisha, unaibana kaboni hadi inapasuka. Ukipunguza, kiti kinashuka au usukani unazunguka kwenye mteremko. Spana ya kupima hatukuwa nayo. Tulikuwa na fizikia ya sekondari: nguvu mara umbali. Kilo moja inavuta kwa nyutoni 9.8. Ukiitundika nusu mita kutoka kwenye bolti, unapata Nm 4.9. Basi tulichukua alenki, tukaivisha bomba jepesi, tukapima sentimita 50 kutoka kwenye bolti, tukaweka alama, tukatundika pale chupa ya maji ya lita moja. Bomba lilazwe sawasawa kama meza, na bolti iwe imeelekea ubavuni, si juu. Chupa inashuka, bolti inakaza. Unarudisha bomba, unatundika tena. Siku chupa ikikataa kushuka, umefika. Bomba likiwa zito linaongeza nguvu yake, kwa hiyo chagua jepesi. Mwalimu mmoja wa fizikia alipita akaona chupa inaning'inia kwenye baiskeli, akarudi na wanafunzi wake kuwaonyesha.

Kebo za gia zinapita ndani ya fremu, na kuzipitisha ni kama kutafuta sindano gizani. Kaboni haivutwi na sumaku, waya wa chuma unavutwa. Tulitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, tukaingiza waya wa breki kuukuu, tukauvuta kwa sumaku kutoka nje hadi kwenye tundu la kutokea. Kisha tukaifuata njia hiyo kwa mshipi wa wavuvi wa ziwani, na mshipi ukavuta kebo mpya.

Kwenye nguzo ya kiti hatukupaka grisi. Kuna mchanganyiko wake wenye chembechembe unaozuia kuteleza, tulinunua paketi ndogo. Nguzo yetu ni ya alumini, na alumini ikikaa muda mrefu ndani ya kaboni pamoja na jasho na maji inaganda humo, kwa hiyo kila mwezi tunaitoa, tunaifuta, tunairudisha. Na wakati wa kutengeneza, hatuibani fremu kwenye jiti. Tunaitundika kwa nguzo ya kiti.

Gharama mlizouliza ni hizi: fremu na foki 550,000, seti ya gia na breki, iliyotumika, 400,000, magurudumu 280,000, tairi na tyubu 160,000, usukani, shingo yake na kiti 120,000, mnyororo mpya, kebo na utepe 90,000, bering 60,000. Jumla 1,660,000. Akiba ya wiki 60 ilikuwa 1,440,000, na 220,000 zilitoka kwenye kazi zetu chini ya mti. Angalieni: fremu ni theluthi moja tu. Ukisikia mtu amepata kaboni bei rahisi, mwambie afadhali aanze kutafuta theluthi mbili zilizobaki kwanza. Fremu bila magurudumu ni pambo la ukutani.

Tuliipima kwenye mizani ya wauza mahindi: kilo 9 na kidogo. UCI hairuhusu baiskeli ya mbio iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo sisi bado tuko mbali sana na kuvunja sheria.

Swali gumu mnaloliuliza kwa sauti ya chini: ni ya nani? Hili tuliliandika kwenye daftari kabla ya kununua hata bolti moja. Baiskeli ni ya kikundi. Anayekimbia ndiye anaikalia. Akisafiri, inabaki. Tuliandika hivyo kwa sababu tunajijua. Hapa kila mtu ana mguu mmoja ndani ya ndege. Fundi wetu mkubwa alikuwa na tarehe ya kwenda Marekani, Februari 2025. Alitoa godoro, akagawa spana zake, akatuaga. Januari Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari ikafa. Alikaa ndani siku nyingi. Hakuna aliyemwambia "vumilia", neno hilo tumelichoka. Tulimrudishia spana zake moja moja, kila mtu aliyepewa alileta, tukamwambia yaya, kuna fremu inakuja na hakuna anayejua kuipitisha kebo. Alikuja. Lile wazo la sumaku ni lake.

Hatusemi baiskeli ilimponya. Bado anasubiri, na kuna siku haji. Lakini amefundisha wadogo watatu kupanga deraila, na wao sasa wanafanya bila yeye. Kama barua yake ikirudi kesho, aende kwa amani. Kazi itabaki na watu.

Na mdogo wetu? Anafanya mazoezi na klabu ile mara mbili kwa wiki. Bado anabeba nyanya siku nyingine, kwa baiskeli nyeusi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, tukayaangalia kwa simu moja watu kumi na wawili. Tulimwonyesha pia Eyeru Gebru, Mwethiopia kutoka Tigray, aliyekimbia kwa baiskeli Olimpiki ya Paris 2024 katika Timu ya Wakimbizi. Mdogo wetu aliangalia, akauliza swali moja: "Yeye gia zake ni ngapi?"

Jambo moja tusilisahau. Yeye anaweza kwenda mazoezini kwa sababu sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea. Wenzetu wa Nyarugusu, Tanzania, wanahitaji kibali kutoka nje ya kambi. Kwao kilomita 60 za mazoezi si swali la miguu wala la kaboni. Tunaposhangilia baiskeli yetu, tunawakumbuka.

Kwa wafanyakazi wa mashirika, ombi letu ni dogo. Tunashukuru mnapoleta baiskeli kamili. Lakini nyingi tumeziona zimelala nyuma ya ofisi kwa kukosa kipande cha shilingi elfu chache ambacho hakipatikani hapa. Kabla ya kuagiza, ulizeni mafundi wa mahali: rimu ipi, mnyororo upi, nani ataitengeneza mwaka wa pili. Na kama kuna bajeti ndogo imebaki, spana moja ya kupima nguvu ya kukaza itatumiwa na vikundi vyote vya hapa. Chupa inafanya kazi, ila inachosha.

Kwa vijana: Jumamosi tuko chini ya mti. Njooni na baiskeli yoyote, hata kama ni chuma kitupu. Sarafu ya kugongea tunayo.